Gari Lililokula Pumzi za Watoto

Kwa mwaka mzima na siku za kuongezea nilisadiki kwamba gari la moshi la Wajerumani halikuwa likienda kwa kuni. Lilikuwa likienda kwa pumzi za watoto. Kuni zilikuwa geresha tu, za kutufumba macho sisi tuliozikata. Wala sikusadiki nusunusu, kama mtu anayesikiliza habari za mnadani huku anatafuna karanga. Nilisadiki kwa mifupa yote. Ungekuja kunibishia ningekukamata shingo.

Na nilikuwa na hoja zangu, usinicheke. Chuma hakina mapafu, lakini kile kilihema. Ulikisikia kikipanda kutoka Gulwe, hu-hu-hu, hu-hu-hu, kama mzee mwenye pumu aliyebebeshwa gunia la mtama. Pumzi hizo kilizitoa wapi? Halafu kilipopiga mbinja, mbuzi wa nchi nzima waliruka, kuku waliokuwa wanaatamia walisahau mayai, na mtoto mmoja alianguka chini akapoteza pumzi. Basi jawabu si hilo? Mbinja ndiyo mdomo wa kunyonyea, na aliyeanguka ndiye aliyenyonywa.

Leo ningeucheka uvumi huo, mimi niliyehitimu darasa la usiku nikiwa na mvi kichwani na meno ya kuhesabika. Ila mtoto aliyekuwa anaanguka alikuwa mdogo wangu. Nikianza kucheka, katikati ya kicheko hasira inanikaba, nakohoa mpaka wajukuu wananiletea maji. Wanadhani ni kifua. Si kifua.

Kwetu palikuwa tembe la paa la udongo, juu ya kilima, upande wa Gulwe. Reli ilipita chini yetu karibu kiasi kwamba ungetema mate ungeipata. Nasema hivyo, kwa kweli ungehitaji upepo na mate mengi. Tulikuwa baba, mama, bibi aliyemzaa baba, mimi, na mdogo wangu huyo wa kike. Reli ilipokuja nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, miguu mirefu kuliko akili, nikaingia kambi ya wajenzi kuwachotea maji. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe hata katika vumbi lile, sijui kwa uchawi gani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mataruma, yale mapande ya chuma yanayolala chini ya reli, na alipochoka alinifundisha mimi ili nimhesabie. Hivyo ndivyo nilivyopata Kiswahili na hesabu kwa pamoja, katika jua moja.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu, maana bila hilo hutajua ujinga wangu ulikuwa na urefu gani. Kwetu hatukuhesabu kitu chenye uhai. Ng'ombe walipoingia zizini jioni baba alisimama mlangoni akawatazama tu, na alijua: yule mwekundu mwenye baka jichoni hayupo, amebaki korongoni. Hakusema wako wangapi. Ukinyoosha kidole ukaanza moja, mbili, bibi alikipiga kidole hicho na mwiko. "Unamwitia nani?" alifoka. "Unataka waje wachukuliwe?" Ikiwa ng'ombe alikuwa hivyo, mtu je? Kumhesabu mtu aliye hai ilikuwa kumkabidhi kwa kitu kinachotafuta watu. Hata watoto wake mwenyewe mama hakuwahi kuwataja kwa idadi. Alisema, "Mungu amenipa."

Mawe, lakini, bibi aliruhusu. "Mawe hayana mama," alisema.

Kwa hiyo kila niliporudi kutoka kambini nilimfundisha mdogo wangu kwa mawe, nyuma ya zizi. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, mwembamba, mdomo haufungi. Alifika mia kwa siku tatu. Mama alikuwa akisema kumi, lakini mama hakuwapo. Mimi nasema tatu.

"Kaka, baada ya mia kuna nini?"

"Kuna mia nyingine."

"Na baada ya hiyo?"

"Kuna kulala."

"Basi mimi nitakesha," alisema, akaanza upya.

Kambi ikasogea mbele kuelekea Dodoma nami nikaifuata. Nilikaa huko msimu wote wa mvua. Niliporudi, magari yalikuwa yameshaanza kupita chini ya kilima chetu, nami nilikuwa na sufuria, shuka mpya, na kiburi cha kutosha vijiji vitano.

"Mbukwenyi!" nilibisha hodi kwa salamu ya kwetu, kwa madaha ya mtu aliyetembea.

Baba aliitikia kutoka ndani. Nilimkuta ameketi juu ya kigoda, amejifunika shuka mpaka shingoni, na nje jua linapasua mawe. Hakuegemea ukuta.

"Baba, unaumwa?"

"Mgongo," mama akamjibia. "Alianguka mtini akikata kuni."

"Mti gani?"

"Mti ni mti. Nawa ule."

Nilimwita mdogo wangu. Alikuja, akanisalimu vizuri, akasimama. Ule mdomo usiofungika ulikuwa umefungwa.

"Lete mawe yako tuone kama hujasahau."

"Nimeyatupa," alisema, akaenda kuchota maji.

Kesho yake nilimpeleka juu ya kichuguu kilichokuwa ukingoni mwa shamba, tulitazame gari. Nilitaka kumchangamsha. Likaja gari la mizigo, refu, mkia wake ukiwa bado Gulwe wakati kichwa kimeshafika Dodoma, au karibu na hivyo. Nikaanza kuyahesabu mabehewa kwa sauti kubwa ya msimamizi wa mataruma. Mabehewa hayana mama. Moja! Mbili! Tatu! Nilifika kumi na nane, nimevuta pumzi nitaje linalofuata, gari likapiga mbinja, na nyuma yangu nikasikia kishindo.

Alikuwa chini. Mgongo umepinda kama upinde, visigino vinapiga ardhi, mikono imekakamaa kifuani. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda huku na huku, huku na huku, kama mtu anayekataa kitu. Macho ameyafumba kwa nguvu na machozi yanatoka chini ya kope. Ilichukua muda wa kupika ugali, kuula, na kuosha chungu. Alipoamka hakujua alipo, akalala mpaka jioni.

Ndipo nilipokumbuka maneno ya mpagazi mmoja kule kambini, mtu aliyekuwa na meno mawili na habari elfu moja. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba gari linanyonya pumzi. Kule tulimcheka. Sasa sikucheka. Nilishuka kichuguu mbio nikautangaza uvumi ule nyumba kwa nyumba, na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, maana inaanza na mimi. Hakuna mtu mwingine aliyeuleta kijijini. Niliubeba mwenyewe, pamoja na sufuria.

Kijiji kiliupokea kama mvua. Nilishangaa. Nilitegemea wazee wabishe angalau kidogo, wasafishe koo, waulize maswali. Hawakuuliza. "Ndiyo, ndiyo, ni gari," walisema upesi, wakitazama pembeni. Nilijiona msemaji hodari. Sikujua kwamba nilikuwa nimewapa kitu walichokihitaji sana.

Nikafanya utafiti wangu. Gari fupi la abiria likipita, mdogo wangu alisimama tu, mkono wake umeshika shuka yangu. Gari refu la mizigo likipita, chini. Nikakata shauri: fupi lina njaa ndogo, refu lina njaa kubwa. Mama akaniambia, "Juzi ulipokwenda Gulwe lilipita refu kama ukame, wala hakuanguka." Nikamjibu, "Lilikuwa limeshiba." Nilikuwa na jibu la kila kitu. Mtu mjinga hakosi majibu, anayemiliki majibu yote ya dunia ni yeye.

Nilimziba masikio kwa nta ya nyuki. Nikapiga kelele za kuhesabu zaidi, nikidhani sauti yangu itaifunika mbinja. Mara moja nilisimama katikati ya reli, nimefungua mdomo wazi, ili gari linyonye pumzi yangu mimi badala yake. Dereva alinitukana kwa Kijerumani, na kwa namna alivyotukana nadhani maneno yale yangewasha jiko. Hakuninyonya. Mdogo wangu, aliyekuwa kichuguuni, hakuanguka siku ile, na mimi nilijisifu kwa wiki mbili. Bila shaka hakuanguka. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka lakini haukuwa unasema.

Wakati mimi nacheza hivyo, kijiji kilikuwa kimeshampa jina lake. Kifafa.

Watoto wa leo hawajui neno lile lilifanya nini. Mtu wa kifafa hakuguswa akiwa anaanguka, maana povu lake likikupata unapata wewe. Aliwekewa bakuli lake la kibuyu na kata yake ya maji. Alikula mgongo kwa mgongo na wenzake. Palikuwa na mzee mmoja kijijini kwetu aliyekuwa na kifafa cha kweli. Alianguka motoni ujanani, watu wakasimama wakimtazama akiungua mkono, kwa kuogopa mate yake. Mkono huo ulibaki kama mzizi. Alilala katika banda la ndama maisha yake yote. Sasa walikuwa wanamtafutia mwenzake.

"Msikanyage hapo!" wasichana walipiga kelele kisimani. "Amedondosha mate hapo!"

"Hajadondosha," nilisema. "Ni maji ya mtungi."

"Wewe ulambe basi tuone."

Nililamba. Nililamba ule udongo mbele yao, na walikimbia kama wameona simba. Sikupata kitu isipokuwa mchanga kwenye meno.

Na wale wengine walikuwa wabaya zaidi, waliosema anajifanya. "Mbona haungui? Mbona haumi ulimi? Anakwepa kutwanga huyo." Jirani mmoja alimfinya siku moja akiwa chini, alimfinya kwa kucha mpaka damu, ili aone kama ataamka. Hakuamka. Jirani akasema, "Mkaidi." Nimeishi miaka mingi, nimeona njaa mbili na vita vya wazungu wakipigana juu ya vichwa vyetu, na bado lile neno moja nalikumbuka kuliko yote hayo. Mkaidi! Mtoto ambaye mwili wake umekuwa ukimtupa chini kama gunia!

Bakuli lilipoletwa nyumbani kwetu mdogo wangu alilitazama, akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayepewa haki yake. Hilo ndilo lililonichoma. Hakulia. Alikwenda nalo kwenye banda la ndama kabla hajaambiwa.

Baba aliliona bakuli likipita. Aliketi kwenye kigoda chake, shuka mpaka shingoni.

Shangazi akaja. Alikuwa dada wa baba, ameolewa upande wa Msalato, mvuta ugoro, sauti yake ilitangulia kufika nusu siku. Alitembea siku mbili aje kumwona mtoto, na bahati mbaya au nzuri alifika gari refu linapita nami nahesabu. Alimwona akianguka. Watu walirudi nyuma. Yeye alichuchumaa karibu akamtazama usoni, muda wote, akivuta ugoro.

"Huyu hana kifafa," alisema mwishoni.

"Shangazi, ni gari," nilisema.

"Wewe nyamaza. Mama mtoto, yule mzee wenu wa mkono ulioungua, akianguka macho yake yanakuwaje?"

"Wazi," mama akasema. "Yamegeuka."

"Na huyu ameyafumba. Ameyafumba kama mtu asiyetaka kuona. Analia. Wapi umeona kifafa kinalia?"

"Basi anajifanya," jirani akadakia.

"Njoo ujifanye wewe," shangazi akamwambia. "Anguka hapa upige kisogo kwenye jiwe kama hivi alivyopiga. Njoo. Tunakungoja." Jirani akakumbuka ana chungu jikoni. Shangazi akamgeukia baba. "Kaka yangu, mtoto huyu ameona nini?"

Baba akasema, "Waulize wanaojua dawa."

Ndipo akaitwa mganga. Na mganga, baada ya kusikia habari zangu za gari, nilizomweleza kwa ufasaha na mikono yote miwili, alisema kwamba ikiwa ni chuma kinachomnyonya, basi chuma lazima kijibiwe kwa chuma. Kiletwe kipande cha chuma cha reli yenyewe, kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, kiguse nyayo za mtoto.

Niandike sasa jambo ambalo sikumwandikia mwalimu wangu wa darasa la usiku alipotuambia tutunge insha juu ya siku tuliyojivunia. Nilikwenda mwenyewe. Nilitambaa kwa tumbo mpaka kwenye lundo la vyuma karibu na stesheni nikaiba bolti, nene kama kidole gumba cha mtu mzima. Nilijivunia bolti ile. Niliipangusa kwa shuka yangu mpya.

Asubuhi yake moto ulikokwa uani. Jua lilikuwa limeshapanda, watu wamejaa, wengine juu ya paa la tembe wasikose kuona. Wanawake wawili walimkalisha mdogo wangu, wamejifunga vitambaa mikononi wasimguse kwa ngozi. Alikuwa ametulia. Baba aliketi mlangoni. Bolti ilikuwa makaani, inaanza kubadilika rangi.

"Mara saba," mganga alisema. "Isizidi, isipungue. Ikizidi tumeharibu, ikipungua tumeharibu. Nani hapa anajua kuhesabu?"

Watu wote wakatazama chini. Uwanja mzima. Hata waliokuwa juu ya paa wakatazama miguu yao. Mimi nilidhani wanaona haya kwa ujinga wao.

"Mimi najua!" nikasema. "Mimi najua mpaka mia!"

Nikamsikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Haya, jaribu tukusikie sauti," mganga akasema.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu."

Mdogo wangu aliwaponyoka wale wanawake akaanguka. Bolti ilikuwa bado makaani. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Kichwa chake kikaanza kwenda huku na huku.

Shangazi alisimama, akageuka pande zote nne, akashika kiuno.

"Gari liko wapi?" aliuliza. "Nauliza, gari liko wapi? Limepita wapi? Nani amemnyonya huyu sasa hivi?"

"Wakati mwingine linanyonya kwa mbali," mganga alisema.

"Wewe kaa kimya! Nasema na kaka yangu."

Baba akainuka. Nilikuwa sijamwona akisimama wima tangu nirudi. Aliuendea moto, akaupiga teke, makaa yakatawanyika na bolti yangu ikaviringika vumbini. Kisha akaiacha shuka ianguke, akatugeuzia mgongo.

Mgongo ule ulikuwa kama shamba lililolimwa na mlevi. Naongeza chumvi katika mambo mengi, na wanaonijua wanajua. Hapa sikuongeza.

"Sikuanguka mtini," baba alisema. Alikuwa anasema nami. Wengine wote pale, isipokuwa shangazi na mganga, walikuwa wanajua.

Alisema hivi, na alisema kwa sauti ndogo, tukalazimika kusogea. Jumbe alitaka kuni za gari. Siku ile ilikuwa mvua ya kwanza, na baba alisema atapanda uwele kwanza, kuni kesho. Wakaja askari wa serikali. Hukumu ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya watu wote, na amri ilikuwa vihesabiwe kwa sauti ili kila mmoja asikie. Mwenye kiboko alisema hawezi kupiga na kuhesabu kwa wakati mmoja, akauliza nani anajua hesabu za Kiswahili. Wazee waliokuwa wamekwenda pwani na misafara walijua. Walinyamaza, maana nani angemhesabu mtu aliye hai?

"Akaja huyu mbio kutoka nyuma ya zizi," baba alisema, "na mawe yake mkononi. Hakuwa ameniona nimelazwa. Alisikia tu wanamtafuta anayejua kuhesabu. Akasema, 'Mimi najua mpaka mia,' kama ulivyosema wewe sasa hivi."

Wakamsimamisha mbele ya kichwa cha baba yake. Alipotambua ni nani na ni nini, alitaka kukimbia, askari wa pili akamshika bega. Akahesabu. Baba alisema alihesabu vizuri, sauti haikutetemeka mpaka karibu na mwisho. Pale akalia, akapotea, hakujua ametaja lipi. Yule mwenye kiboko akasema, "Anza tena." Wakaanza tena. Kutoka moja.

"Nikawaomba ninyi nyote msimwambie kijana wangu," baba alisema. "Niliona aibu. Mnisamehe au msinisamehe, ni shauri lenu. Lakini mtoto hachomwi kwa ajili ya aibu yangu."

Akaketi chini, kwenye vumbi, akakichukua kichwa cha mdogo wangu akakiweka mapajani, mikono mitupu, mate na machozi yakimlowesha. Watu wakapiga yowe. Hakuwasikiliza. Alimshika hivyo muda wote, na alipofumbua macho akamwambia mbele ya kijiji kizima, "Kiboko hakikuwa mkononi mwako. Umesikia? Hukunipiga wewe." Alirudia mara nyingi. Sikuhesabu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uvumi wangu ulipokewa kama mvua. Walidhani kifafa kimemshika kwa sababu amemhesabu mtu, na kwamba wao waliojua wakanyamaza ndio waliomsukuma mbele. Nilipowaletea gari, niliwavua mzigo. Afadhali gari kuliko sisi. Walikuwa tayari mtoto aungue nyayo ili iendelee kuwa gari. Nawaambia wajukuu zangu: Mjerumani alileta kiboko, sitamtoa hatiani hata nikifa na kufufuka, na yule askari aliyesema "anza tena" namwombea usingizi mbaya huko aliko. Lakini lile bakuli la kibuyu hakulileta Mjerumani. Bakuli lilitengenezwa na majirani, kwa kisu cha nyumbani, na wakalichonga vizuri.

Baba alilikanyaga siku hiyo hiyo. Mdogo wangu akala na sisi, chungu kimoja, na bibi alimsogezea mlenda mwingi kuliko wote.

Hakupona kwa siku moja, wala sitadanganya. Alianguka tena mara chache mwaka ule, na kila alipoanguka mtu alimshika, shangazi au mama au mimi, mpaka mwili ukachoka kumtupa. Ule mdomo ulirudi. Aliolewa, akazaa, akawa mwanamke wa sauti kubwa ambaye unga aliupima kwa jicho na hakukosea. Mimi katika darasa la usiku mwalimu, kijana mdogo kama mtoto wangu wa mwisho, aliniambia, "Mzee, hesabu kwa sauti wenzako wasikie." Nilimwambia nitaandika ubaoni, kwa sauti sitasema. Alidhani sijui. Akanipa alama ndogo. Ninayo karatasi yake mpaka leo.

Lakini ubishi nilikuwa nao hata baada ya siku ile ya moto. Niliamini habari za baba, nililia kwa ajili yake, na bado gari sikulisamehe. Siku ya nne tulikaa kichuguuni, mdogo wangu na mimi, likaja gari la mizigo refu. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa sababu nalitazama kwa chuki. Likapiga mbinja, likapita lote mpaka mkia, naye akabaki ameketi anatafuna bua la mtama.

"Mbona unalitazama hivyo?" aliniuliza.

"Nalichunga. Baba amesema yake, lakini wewe huanguka likipita refu. Likipita fupi huanguki. Nimechunguza."

Alitema makapi ya bua. Alinitazama kama bibi alivyonitazama nilipokuwa nanyoosha kidole kwa ng'ombe.

"Kaka, fupi ukilihesabu unaishia kumi na mbili, kumi na tatu," alisema. "Refu ndilo linalofika kumi na tisa. Pale ndipo nilipopotea, wakaanza tena. Ni wewe ulikuwa unahesabu. Gari linakula kuni tu."